Bakuli la mjukuu wangu lilikuwa linapungua kila siku, nikadhani ni panya

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo, wa nyumbani na wa ugenini.

Haya ninayoandika yametokea ndani ya nyumba ninayolala mimi. Chumvi sijaongeza. Chumvi hata daktari kanikataza.

Mnivumilie kwa uandishi. Shule niliishia darasa la tatu, na hilo nalo lina kisa chake. Ngoja nianze na hicho, la sivyo kitanikaa kooni.

Kwetu ni Muheza, ndani ndani huko. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa anavaa soksi mpaka magotini hata siku ya jua la kupasua mawe. Mkewe alikuwa fundi wa vitumbua. Kuna watoto walikuwa wanachelewa shule makusudi ili wapite nyuma ya nyumba ya mwalimu, wakapewe vile vilivyoungua kidogo. Lakini vitumbua si habari ya leo.

Siku moja mwalimu akarudi kutoka Tanga mjini na ndoo nyekundu.

Wakuu, kijiji kizima kilihamia kwake. Sisi tulizoea mtungi, debe na ndoo ya bati. Hii ilikuwa nyepesi kama haipo. Mwalimu akaiangusha chini mbele za watu, pwaa! Haikuvunjika. Haikubonyea. Wazee wakatikisa vichwa. Bibi mmoja kikongwe akasema, "Hii si ndoo, hii ni kiburi."

Kesho yake nikatumwa mimi mtoni na ndoo ile. Heshima kubwa hiyo, wenzangu walininunia.

Nikafika, nikaiweka majini kama ninavyoweka debe. Sasa debe lina adabu. Ukiliweka mtoni linakunywa maji, linatulia, linakusubiri. Ndoo ile ikaogelea. Nikanyoosha mkono, nikashika hewa. Ikaenda na maji, mimi nyuma yake kwenye matete na miba, na kila kwenye kona inanigeukia kama inanicheka.

Sikuipata. Nilipotazama nilipo nikaona mto umenifikisha karibu na mashamba ya mkonge, alikokuwa anafanya kazi mjomba wangu. Nikapima umbali wa kurudi kwenye fimbo za mwalimu na umbali wa kwenda kwa mjomba. Nikaona mjomba ni karibu zaidi.

Elimu yangu iliishia hapo.

Kwa hiyo mtu akija kuniambia plastiki ina madhara, mimi simbishii. Mimi ilinitoa shule.

Sasa twende Johannesburg.

Ninakaa La Rochelle, kusini mwa jiji. Tuko watano. Mimi, mke wangu Bi Saumu, mwanetu Idrisa anayetengeneza simu pale Rosettenville, mkewe Rehema anayefanya kazi ofisini kule Braamfontein, na binti yao Sauda, wa miaka mitatu kasoro.

Idrisa na Rehema wanatoka asubuhi. Bi Saumu ana cherehani yake, na ukimsogelea akiwa anashona anakuchoma kwa macho kabla ya sindano. Kwa hiyo kumlea Sauda mchana ni kazi yangu. Namwamsha, nampa uji, nampeleka pale kwenye robot, taa za barabarani kwa huku, tukaangalie magari yanavyosimama, namrudisha, anakula, analala, na mimi nalala pembeni kama mlinzi asiye na faida.

Nimefanya kazi nyingi maishani. Mkonge, bandarini, kulinda magari ya watu. Hii ndiyo ya kwanza ambayo bosi ananiimbia.

Na tunaongea Kiswahili tu, mimi na yeye. Watoto wengi wa hapa mtaani wazazi wao ni watu wa Tanga na Kigoma na Lubumbashi, lakini ukiwasalimia kwa Kiswahili wanakuelewa halafu wanakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Sauda wangu anasema "shikamoo babu," anasema "sitaki," na akimwona Idrisa ameahidi pipi akarudi mikono mitupu anasema "huyo mwongo." Maneno hayo kayatoa kwangu. Najisifu kidogo, mnisamehe.

Sasa chombo chake cha kulia kilikuwa kopo la ice cream.

Mnalijua kopo hilo. Kila nyumba ya Mswahili hapa Joburg inalo. Ukifungua friji ukaliona, usifurahi, ndani ni maharage. Mimi nililipenda kwa sababu ni jepesi, Sauda akilirusha halivunjiki, na kuosha ni mara moja.

Siku hiyo Rehema akarudi mapema, akanikuta namimina uji kwenye kopo, uji bado unatokota. Kopo lenyewe lilishajikunja upande mmoja kama mdomo wa mtu aliyenuna.

"Baba, kopo hilo linayeyuka."

"Haliyeyuki mwanangu, limechoka tu."

"Baba, kitu cha moto ukikiweka kwenye plastiki, kemikali zinatoka zinaingia kwenye chakula. Na huyu ni mtoto mdogo, mwili wake ndio kwanza unajengwa."

"Mbona mumeo amekulia makopo hayohayo?"

"Ndiyo maana anasahau kila kitu."

Wakuu, Idrisa kweli anasahau. Mwaka jana alitoka kwenda kununua mkate akarudi na chaja.

Mkwe wangu si mkali. Ana adabu, hajawahi kunipandishia sauti hata siku moja. Lakini kuna watu upole wao ndio panga lao. Akakaa, akaweka mkoba chini, akaniambia taratibu:

"Baba, nilileta bakuli la kioo, ukalipandisha juu ya kabati. Nikaleta la mbao, mama akawekea vifungo vya nguo. Sasa mimi sileti tena. Anayemlisha Sauda ni wewe, tafuta mwenyewe chombo utakachokipenda, mradi kisiwe plastiki. Lakini mwezi ukiisha na kopo bado lipo, Sauda ataanza crèche, ile shule ya watoto wadogo."

Crèche yenyewe iko mtaa wa pili. Mama mwenye nayo ni Mzulu, mtu mwema kabisa, watoto wanamkimbilia. Na hilo ndilo lililonitisha. Nilijua Sauda akienda pale, muda si mrefu atakuwa ananiita mkhulu, ndiyo babu kwa Kizulu, na mimi asubuhi nitabaki kuangalia robot peke yangu. Mzee akiangalia taa za barabarani na mjukuu, watu wanatabasamu. Akiziangalia peke yake, wanaita polisi.

Basi nikaingia kazini.

Wa kwanza kumwendea alikuwa jirani yetu Kalonji, Mkongo, anauza vyombo na soksi nje ya geti letu. Nikamweleza shida. Akafurahi kama vile ameoteshwa ndoto kwamba nitakuja.

"Mzee, niko na kitu yako! Ona hii sahani. Hii iko bamboo. Vrai bamboo, ya kweli! Plastiki hakuna."

Sahani nzuri kweli, nyepesi, rangi ya kijani, ina picha ya twiga anacheka. Nikaigonga kwa ukucha, ikalia kama mti. Nikaipeleka nyumbani nimeikumbatia.

Rehema hakuangalia twiga. Aliigeuza chini, akasogeza macho kwenye maandishi madogo kama miguu ya sisimizi.

"Baba, huu ni unga wa mianzi uliochanganywa na melamine."

"Melamine ni mti gani?"

"Ni plastiki, baba."

Nikarudi kwa Kalonji, nimevimba.

"Kalonji, umesema bamboo."

"Mzee, bamboo iko ndani ama haiko?"

"Imo."

"Basi mimi nimedanganya wapi?"

Eish. Akanibadilishia kwa soksi, ndizo nilizovaa sasa hivi.

Bi Saumu akaniambia acha kuhangaika, akatoa sahani ya bati yenye maua, zile zetu za zamani. Kwenye ukingo rangi ilikuwa imebanduka na chini kunaonekana kutu. Nikasema si neno, nikamimina uji. Bati lile likashika moto upesi kuliko uji wenyewe. Sauda akaweka mdomo, akaondoa mdomo, akaniangalia kwa jicho la kuniambia nimemsaliti. Halafu nikaona kipande cha rangi kinaelea juu ya uji. Nikaumwaga wote, nikairudisha sahani kwa mwenyewe.

Kisha rafiki mmoja wa Bi Saumu akatuletea sahani ya china, nyeupe, ukiinyanyua mwangani unaona vidole vyako kwa upande wa pili. Zile za daraja la juu. Tukaifurahia mpaka Idrisa akasoma kwenye simu kwamba sahani za namna ile zinatengenezwa kwa majivu ya mifupa.

"Mifupa ya nini?" akauliza Bi Saumu.

Idrisa akasoma zaidi. "Ng'ombe, mara nyingi."

"Na hizo mara nyingine?"

Idrisa akafunga simu. Mimi nikasema kitu kikishakuwa majivu kimeshakuwa majivu, wanazuoni wenyewe wanalo la kusema hapo. Bi Saumu akaniuliza mimi ni mwanazuoni wa chuo gani. Sahani ikarudi kwa mwenyewe siku hiyohiyo, na salamu.

Mwezi unayoyoma. Kopo bado liko pale, limenuna.

Ndipo akaja Mama Chiku. Huyu ni mfanyabiashara wa Tanga, anakuja huku na basi, analeta dagaa, unga wa muhogo, viungo, vitu vya kututoa machozi. Safari hiyo katikati ya mzigo wake alikuwa na bakuli dogo la udongo, limefinyangwa kwa mkono, jekundu, halina rangi wala mng'aro. Alilileta kama kipimo chake cha mchele.

Nikalishika. Wakuu, likanikaa kiganjani kama lilinisubiri. Nikamng'ang'ania mpaka akanipa, akapimia mchele kwa kikombe.

Nilipomimina uji wa vuguvugu ndani yake, jiko zima likanukia kama ardhi baada ya mvua ya kwanza. Sauda akala akamaliza, akagonga bakuli kwa kijiko, "Bado!"

Jioni Rehema akalichukua. Akaligeuza, akalisogeza puani, akavuta harufu. Akavuta tena. Alilishikilia muda mrefu, macho kayafumba. Mimi nikadhani anakagua kemikali.

"Hili sawa, baba," akasema, sauti imelegea. "Hili zuri sana."

Kopo la ice cream nikalisindikiza mwenyewe mpaka kwenye pipa la taka. Nilitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Sasa sikieni balaa.

Baada ya siku kadhaa naosha bakuli, kidole kikapita kwenye ukingo kikakuta pengo. Dogo, kama la jino la maziwa. Nikasema nimeligonga mahali. Siku iliyofuata mapengo mawili. Nikasema panya. Panya wa La Rochelle nawajua, wana mwili na hawana haya. Nikaweka mtego na kipande cha jibini. Jibini ikabaki imelala palepale, bakuli likaliwa.

Panya gani huyo anayeacha jibini akala udongo?

Ndipo wazo baya likanijia. Mtoto.

Nikamketisha Sauda mapajani. "Fungua mdomo." Akafungua. Nikachungulia kama daktari wa meno asiye na leseni. Ulimi safi.

"Sauda, unakula bakuli?"

"Sili bakuli, Babu. Nakula uji."

"Kweli?"

"Wewe ndiye unakula."

Nikacheka, lakini nikamchungulia mdomo mara ya pili. Kwa sababu wakuu, fikirieni. Mimi nimeambiwa nitafute chombo salama. Nimeleta chombo mtoto anakitafuna. Rehema akijua tu, si crèche ya mwezi ujao tena, ni crèche ya kesho asubuhi, na begi atalibeba mwenyewe.

Nikaanza kumlinda Sauda kama benki. Akila namtazama mdomo, akimaliza nalichukua bakuli naliweka rafu ya juu, ambako hafiki hata akisimama juu ya kiti. Na asubuhi nikiamka, pengo jipya.

Sasa nifanye nini ili Rehema asione? Nikatoka na bakuli nje, pale kwenye ngazi ya saruji, nikalipindua na kuanza kulisugua ukingo mpaka ukanyooka. Likawa zuri, kama jipya, fupi kidogo tu.

Kesho pengo lingine. Nikalisugua tena. Pengo, nasugua. Pengo, nasugua. Kalonji ananiona kila asubuhi nimepiga magoti kwenye ngazi, akaniuliza, "Mzee, iko sala ya dini gani hii?"

Wakuu, bakuli likawa linapungua. Lilianza bakuli, likawa sahani yenye kina, likaelekea kuwa kisosi. Uji ukiumimina unatafuta pa kutokea. Sauda naye akaona. "Babu, bakuli linakuwa mtoto."

Asubuhi ya Jumamosi moja nikatoka kufuata mkate. Nilipofika dukani nikakumbuka nimesahau miwani, nikarudi. Nyumba kimya. Bi Saumu yuko kwenye cherehani chumbani, Idrisa ameshakwenda kazini, Sauda bado amelala.

Nikasikia jikoni: kwaruu. Kimya. Kwaruu.

Nikavua viatu. Nikachukua fagio. Nikasema leo panya huyu nitamwona uso.

Nikachungulia.

Rehema alikuwa amesimama kwenye sinki, amenipa mgongo. Bakuli kalishika kwa mikono miwili kama mtu anayekula tikiti maji. Akauma. Kwaruu. Akatafuna taratibu, mabega yakashuka kwa raha.

Fagio likanigonga kwenye mlango. Akageuka. Mdomoni ana mstari mwekundu wa udongo.

"Shikamoo, baba," akasema, mdomo umejaa.

"Marahaba," nikasema. "Tamu?"

Akameza. Macho chini.

"Ina harufu ya mvua, baba."

Sasa kwa wenzetu msio wa kwetu niwaeleze. Kwetu mwanamke akitamani udongo, hata masokoni unauzwa umekatwa vipande kwa ajili hiyo, kila mtu anajua maana yake. Lakini baba mkwe haulizi. Hata akijua, hajui. Akiona, hajaona. Kwa hiyo nikasimama pale na fagio langu, natafuta neno ambalo si lile neno.

"Bakuli limepungua," nikasema.

"Limepungua, baba."

"Nilidhani panya."

Akanyanyua macho. "Na mimi nilidhani ni wewe."

"Mimi nini?"

"Ndiye unayekula. Nikiuma leo, kesho nalikuta limenyooka, tena fupi zaidi. Halafu nikaona vumbi jekundu kwenye ngazi na kwenye magoti ya suruali yako. Nikasema masikini baba, naye ana hamu ya nyumbani. Nikaona aibu kukuuliza."

Wakuu, tulitazamana. Mimi nilikuwa nasugua kuficha meno yake, na yeye alikuwa ananionea huruma mimi. Yeye ndiye aliyeanza kucheka, akashika sinki, nami nikacheka mpaka fagio likaniponyoka. Bi Saumu akapiga kelele kutoka chumbani, "Nyie huko jikoni mna nini?" Wote tukajibu pamoja, "Hakuna kitu!"

Halafu Rehema akaacha kucheka.

"Baba, lakini Sauda alikuwa analia chakula humu. Na udongo wenyewe ndio huu, ukiuma tu unamomonyoka. Unaingia kwenye uji."

"Na wewe pia unakuingia," nikasema, nikatazama dirishani upesi, nisije nikaonekana nimesema zaidi.

Akalikausha bakuli kwa kitambaa, akalifunga kwenye gazeti kama mtu anayezika kuku, akatoka nalo. Kuhusu crèche hakusema ndiyo, hakusema hapana. Nikabaki na roho juu.

Sikumwambia Idrisa, si mahali pangu. Nilimwambia Bi Saumu tu, tena kwa kuzunguka, nikasema nahisi mkweo amechoka, ungemsindikiza kliniki. Akaniangalia juu ya miwani. "Mume wangu, umechelewa. Mimi nilijua tangu alipokataa samaki."

Wakaenda wawili. Kliniki nesi akamwambia Rehema aache udongo, maana hujui umetoka wapi, unaweza kuwa na minyoo, unaweza kuwa na madini mabaya kama risasi, na ule uchu wenyewe mara nyingine ni damu imepungua. Wakapima, kweli damu iko chini. Akapewa vidonge. Sauda naye akaangaliwa, mzima, akamwambia nesi "huyo mwongo" alipoahidiwa kwamba sindano haiumi.

Hapa niweke funzo kabla sijasahau, na mnaojua zaidi mnirekebishe, mimi ni wa darasa la tatu.

Uji na chai ya moto msimimine kwenye plastiki, hasa iliyochakaa na kuchubuka. Ukiambiwa bamboo, pindua usome chini, na kama macho hayakusaidii mpe mwenye macho. Sahani ya bati ikibanduka rangi, ifanye ya kulishia kuku. Kioo kizuri, lakini kiwe kinene na umshikie mtoto. Mbao nzuri, kama haijapakwa vanishi na kama mkeo hana vifungo. Udongo wa kufinyanga mimi naupenda mpaka kesho, ila ujue umechomwa sawasawa na nani, na kama umepakwa rangi za kung'aa ndani na hujui ni rangi gani, uweke maua. Na kubwa kuliko yote: chombo cha mtoto kikianza kupungua, usisugue. Uliza.

Nyie huko mnawalishia watoto kwenye nini? Semeni bila aibu, makopo ya ice cream nayajua mnayo. Na kama kuna mwenye mkwe anayeuma vyombo, aje hapa tufarijiane.

Ila kabla hamjaanza kuchangia, nimalizie.

Jumamosi iliyopita tulikuwa wote nyumbani, mchana, tumezunguka sinia la pilau mkekani. Rehema akaingia amechelewa kidogo, katoka Fordsburg kwenye maduka ya Wahindi, ana mfuko. Akaketi. Akatoa bakuli dogo la stenlesi, ukingo wake umekunjwa vizuri, haukati mdomo. Akatoa sahani yake. Akatoa kijiko. Akavipanga mbele yangu mimi, si mbele ya Sauda.

Sikugusa. Nilingoja nisikie vinakwenda wapi, nyumbani au kwenye begi la crèche.

Akaingiza mkono tena mfukoni. Bakuli lingine. Sahani nyingine. Kijiko kingine.

Idrisa, mdomo umejaa wali, akasema, "Mbona seti mbili?"

Rehema akanyoosha vijiko vikae sawa.

"Ya akiba? Hii ikivunjika?"

"Ni chuma, Idrisa," akasema mkewe. "Hakivunjiki."

"Sasa hiyo ya pili ya nini?"

Bi Saumu akaanza kukohoa, na hakuwa amepaliwa.

Rehema akavisogeza vyombo vyote kwangu kwa ncha ya kidole, macho kwenye mkeka.

"Vyote ni vya baba. Atawalisha wote wawili. Crèche ya nini, na baba yupo?"

Idrisa akabaki na tonge hewani. Akamtazama mkewe, akamtazama Sauda, akahesabu vijiko. Nikaona inaanza kumfikia, polepole, kama zile simu zake za zamani zinavyowaka.

Maneno yanayofuata hapo baba mkwe hayasikilizi. Nikamnyanyua Sauda, yeye akabeba bakuli lake jipya kichwani kama kofia, nikavaa ndala zangu, nikatoka nje, na mkekani pale sikurudi tena.